Mikia ya Mchanga

"Nitatoka kisima cha Lahmar mpaka kwenye hema hili kwa miguu yangu, bila simu, bila dira, bila kufuata nyayo za mtu wala za mnyama. Vichaka ndivyo vitakavyonionyesha njia. Na kuskusi nitaikuta bado inafuka moshi."

Tibra aliyasema hayo jioni ya hina ya Hasna, binti wa ami yake, mbele ya wanawake wa pande zote mbili za harusi, mbele ya wapiga zumari waliokuwa wanapumzika na chai, na mbele ya mpiga picha wa kukodi kutoka Duz ambaye, kwa bahati mbaya, kamera yake ilikuwa inafanya kazi. Watu wa Ain Tarfa hawakushtuka sana. Tibra ana miaka kumi na saba, yuko sekondari mkondo wa sayansi, na tangu siku alipojifunza neno "jaribio" hakuna kitu nyumbani kwao kilichokaa mahali pake wiki nzima.

Yote yalianza na ombi. Ami Belgasem, baba yake Hasna na mdogo wa baba yake Tibra, ndiye mtu pekee katika ukoo aliyebaki na ngamia. Kila mwaka baridi ikiisha huwapeleka kusini, kwenye malisho ambako vichaka vya retem hutoa maua meupe na harufu yake, wanasema, humlevya mtu asiyekunywa. Tibra alikuwa anataka kwenda huko kama wengine wanavyotaka Paris. Retem zote alizowahi kuziotesha zilitokana na mbegu za kando ya barabara, zilizofukizwa moshi wa malori. Alitaka kuziona zinapoishi kwao. Bibi yake alizaliwa huko huko malishoni, lakini tangu ukoo ulipojenga nyumba za saruji hakuna binti aliyekwenda tena.

"Ami, mwaka huu unichukue," alimwambia, kwa mara ya tatu jioni ile.

Ami Belgasem alikuwa anakula tende na kupanga kokwa zake ukingoni mwa sahani. "Nikuchukue kama nani?"

"Kama mimi."

"Kule hakuna choo."

"Najua."

"Hakuna mtandao."

"Anayelia mtandao ukikatika ni wewe, ami."

Wanawake wakacheka, na Ami Belgasem hakupenda. Ni mchungaji wa kisasa. Babu yake alikuwa akisoma nyota. Yeye husoma chaji. Akiwa jangwani hufungua simu, hutazama kale kadoa ka buluu kanakotembea kwenye ramani, kisha hukunja uso na kutazama upeo wa macho, ili mtu akimwona adhani amepata habari kutoka huko.

"Ukipotea nani atakutafuta?" akasema. "Mimi nina ngamia wa kutafuta."

Hapo ndipo Tibra alipotoa tambo lile. Ami Belgasem akafuta vidole.

"Keshokutwa naenda kisimani kumchukua ngamia wangu Zarga, aje abebe jahfa, kile kiti cha mapazia cha bibi harusi. Twende pamoja kwa pikapu. Ukirudi kwa vichaka vyako, nakuchukua malishoni, mbele ya hawa wote. Ukipotea?"

"Ninanyamaza mpaka Idi."

"Wallahi, nimeshapata faida." Akaangalia huku na huku. "Nitakuja nyuma yako na ngamia, nisije nikaulizwa na baba yako."

"Lakini usiseme kitu. Ukisema neno moja umeshindwa."

"Binti, mimi nimeoa mwaka wa ishirini na sita sasa. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua."

Vile vichaka havikuwa maneno matupu. Tibra alianza kwa haragwe, kama mwanafunzi yeyote. Alilifungia ndani ya boksi la viatu lenye tundu moja, likajipinda kulifuata lile tundu. Kila siku akawa anageuza boksi, nalo haragwe likageuka kila siku, mpaka likawa na umbo la herufi ambayo hakuna lugha inayoitumia. Mama yake alipouliza ni lini litapikwa, alijibiwa kwamba bado linafikiri.

Baadaye akapanda kokwa za tende. Hilo liliwaudhi wakubwa. Ain Tarfa hakuna anayepanda mtende kwa kokwa. Watu hung'oa chipukizi pale shinani mwa mama yake na kulipanda, nao hujua watakula nini miaka mitano baadaye. Mtende wa kokwa haujulikani utazaa tende gani, na mara nyingi hutoka dume usizae kabisa. "Ndiyo maana nataka kuona," alisema Tibra. Aliyekuja kuona ni mbuzi, na hakubakisha jani.

Kisha yakaja mambo ya njia. Kitabu cha shule kilisema kwamba mtu aliyepotea msituni atazame kuvumwani, ule utandu wa kijani unaoota kwenye magome ya miti, kwani huota upande wa kaskazini. Tibra alizunguka kijiji kizima. Utandu wa kijani ulikuwa mmoja tu, chini ya bomba la msikiti linalovuja, na ulielekea alikokosea fundi. Akajaribu mitende, kama inainama upande mmoja. Ya baba yake iliinamia mfereji wa maji. Mmoja uliinamia kwa jirani, na huo ulikuwa na kesi. Akampelekea malalamiko Mwalimu Rafika, anayefundisha biolojia na ambaye kwao ni Bizerte, pwani ya kaskazini, ambako kuvumwani huota hata kwenye viatu.

"Basi kitabu kinasema kweli kwetu, si kwenu," alisema mwalimu. "Tafuta mmea unaosema kweli hapa."

Miezi miwili Tibra hakulala vizuri kwa sentensi hiyo. Kisha siku moja, akitoka kuokota kuni na mama yake, aliona jambo ambalo kila mtu wa Ain Tarfa ameliona tangu utotoni na hakuna aliyelitazama: kila kichaka cha retem kilichosimama peke yake mchangani kina mkia. Ni tuta dogo la mchanga, nene karibu na shina, jembamba kuelekea mwisho, kama mkia wa panya. Na mikia yote siku ile ilielekea magharibi.

Hakuridhika kuona. Alitaka ajue kwa nini. Akaotesha retem kwenye vikopo vya mtindi juu ya dari, na zilipofika urefu wa kidole akachukua sinia la mkate, akalijaza mchanga uliochekechwa, akapandikiza miche katikati. Upepo aliuazima kwa Khalti Zaara, dada wa mama yake, mwenye saluni ya chumba kimoja na draya moja ya nywele.

"Kuna mtu ana kichwa kibichi hapa," Khalti Zaara alikuwa akisema kila mara.

"Dakika mbili, khalti."

"Dakika zako mbili nazijua. Mwenzio amefika nyumbani na mafua."

Lakini upepo wa draya ulifanya kazi. Mchanga ulipita pembeni mwa mche, na ule uliopita karibu ulichoka nyuma yake, pale pasipo na upepo, ukakaa. Ukawa mkia. Akihamisha draya, mkia nao baada ya muda ulihama. Pale kwao upepo mkubwa wa mchanga hutoka mashariki, kwa hiyo mkia huenda magharibi; na mtu akiuweka mkia mkono wake wa kushoto, uso wake umeelekea kaskazini. Alilijaribu hilo kila siku ya jua, kwa kivuli chake mwenyewe, na halikumdanganya hata mara moja.

Miche iliyobaki hakuitupa. Miaka miwili nyuma, kijiji kizima kilipotoka kwenda kusimamisha uzio mpya wa makuti mashariki ya mashamba, ili mchanga usizike mitende, Tibra alikwenda na vikopo vyake. Wenzake wakachomeka makuti juu ya tuta refu, wanaume wakaimba, wanawake wakaleta chai, naye akapanda retem zake upande wa nje wa uzio, ule unaopigwa na upepo, kila mche akiufunga kitambaa alichochana kutoka taulo kuukuu la buluu la saluni. Tangu hapo alikuwa akizitembelea kila mwezi, na rula.

Asubuhi ya harusi anga lilikuwa jeupe. Vumbi lilikuwa limepanda tangu alfajiri, si dhoruba, ni vumbi tu lililoning'inia hewani kama shuka, na jua halikuonekana liko wapi. Baba yake Tibra alisema jambo hilo liahirishwe. Ami Belgasem alisema yeye hana neno, mwenye tambo ndiye aseme. Tibra alisema mtu anayehitaji jua hajafuata vichaka.

Kisimani, kusini ya kijiji, walishuka, pikapu ikarudi na mtoto wa jirani aliyeendesha. Zarga alisimama karibu na birika, wa kijivu, mrefu, na uso wa shangazi aliyekuja kwa sababu alialikwa. Ami Belgasem akamfunga kamba, akatoa simu akaanza kupiga picha ya video. Alikuwa amekusudia kuionyesha hemani jioni. Kisha akaelekeza kidole midomoni mwake na kukifunga kama zipu.

Tibra akatazama kichaka cha kwanza. Mkia, magharibi. Akauweka kushoto kwake, akaanza kwenda.

Kutembea mbele ya mtu asiyeruhusiwa kujibu kuna raha yake, na Tibra aliila yote. "Ami, unaona hiki? Mkia kushoto. Na kile? Kushoto. Ukikubali kohoa." Ami Belgasem hakukohoa. "Ami, unajua kwamba mizizi ya retem inakwenda chini kuliko kisima cha baba? Huna la kusema. Ami, mwaka juzi uliposema ngamia wako aliibiwa, kumbe ulimfunga mwenyewe ukasahau wapi, ni kweli?" Nyuma yake alisikia pumzi ikiingia kwa nguvu na kubaki ndani.

Zaidi ya kichaka cha pili au cha tatu hakuna kitu kilichoonekana. Dunia ilikuwa chumba kidogo cheupe kinachotembea nao, na ndani ya chumba kile kulikuwa na msichana, mwanamume anayetaka kusema, na ngamia. Tibra alijisikia vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yake. Kitu alichokiotesha kwenye kopo la mtindi kilikuwa kinamshika mkono.

Walikuwa wametembea muda mrefu wakati Zarga alipoanza kuvuta kushoto. Ami Belgasem akamrudisha. Akavuta tena, shingo yote. Ami hakuweza kumwambia hata "sss", kwa sababu hawakuwa wamekubaliana kama hiyo ni neno, akabaki kupigana na kamba kimya kimya.

"Ana njaa huyo," alisema Tibra bila kugeuka.

Muda si muda akaona kwamba mikia imegeuka. Si sana. Ilikuwa inaelekea magharibi, sasa imeanza kupanda kidogo kuelekea kaskazini. Tibra alisimama, akaitazama. Jambo hilo lilikuwa na maelezo mawili: ama mikia imehama, ama yeye ndiye aliyepinda bila kujua, kwani mtu asiyeona mbali hupinda, kitabu kilisema, na hilo la kitabu alikuwa amelijaribu uwanjani akiwa amefumba macho, akagonga goli. Kati ya miguu yake na vichaka, aliamini vichaka. Akajigeuza kulia mpaka mkia ukarudi pale pale mkono wa kushoto, akaendelea. Baada ya mwendo kidogo mikia ikajinyoosha tena, naye akajinyoosha nayo. Akafurahi. Aliona kwamba vichaka vimemsahihisha.

Kisha ardhi ikaanza kulia chini ya viatu. Kra, kra, kama mtu anayetembea juu ya mkate mkavu. Tibra akatazama chini. Mchanga ulikuwa umeisha. Kulikuwa na gamba jeupe lililopasukapasuka, na hata kabla hajainama kulionja alijua litakuwa na ladha gani.

Chumvi. Na chumvi, kwa mtu wa Ain Tarfa, haiko mahali pengi. Uwanda wa chumvi uko kaskazini ya kijiji, mbali kidogo, kule watu wasikokwenda isipokuwa wamekosana na mtu.

Akasimama pale. Malisho yote, maua yote meupe, yalikuwa nyuma ya mgongo wake, yanamtoka. Kisha:

"Tibra, sisi tuko wapi?"

Akageuka polepole. "Umesema, ami."

"Sijasema. Nimeuliza."

"Swali si maneno?"

"Swali halihesabiwi. Tuko wapi?"

"Si uangalie simu."

Ami Belgasem akaigeuza amwonyeshe. Kioo kilikuwa cheusi. "Ilizimika pale ulipokuwa unaniambia nikohoe. Wapiga zumari waliitumia jana yote kutafutia nyimbo."

"Kwa hiyo tangu pale ulikuwa unanifuata bila kujua unakokwenda?"

"Nilidhani wewe unajua."

Hakuna mtu aliyewahi kumpa Tibra sifa kubwa kuliko hiyo, na ilikuja siku mbaya.

"Ami," alisema, "nimekosea. Kijiji kiko nyuma yetu."

"Umekiruka kijiji kizima?"

"Si kikubwa."

Ami Belgasem alitazama kule kweupe walikotoka, akamtazama Zarga, ambaye alasiri alitakiwa abebe bibi harusi, mapazia, na heshima ya ukoo. "Hasna ataniua," akasema. "Mama yake atamshikia kisu."

Nyayo zao zilikuwa zimeshafutika. Wakarudi kwa njia ile ile ya mikia, safari hii ikiwa mkono wa kulia, Tibra mbele. Ami ndiye aliyekuwa anaongea sasa. Maneno ya asubuhi nzima yalikuwa yamejaa, yakamwagika yote: ngamia hakusahaulika, aliibiwa, na aliyesema vingine ni mwongo. Viatu hivi si vya kutembelea. Nani huoza binti wakati wa vumbi. Tibra hakumsikia. Alikuwa anangoja mahali mikia itakapogeuka. Alijua kwamba itageuka, na safari hii aliiangalia kama paka anavyoangalia tundu.

Ilipogeuka akapiga magoti.

"Bibi weye, watu wanatungoja."

"Dakika mbili, ami. Tazama hiki. Mkia wake magharibi, safi. Sasa tazama hiki cha karibu. Umekwenda kando. Upepo ni mmoja, siku ni moja. Kwa nini?"

"Labda kimelewa."

Tibra hakucheka. Aliingiza mkono mchangani kwenye shina la kile kichaka, akachimba mpaka kwenye kiwiko, na vidole vyake vikagusa kitu laini kisichokuwa mzizi. Akakivuta. Kilikuwa kipande cha taulo, la buluu.

Akakitazama muda mrefu kuliko kinavyostahili kipande cha taulo.

"Hiki ni changu," akasema.

"Kila kitu ni chako, tuondoke."

"Nilikipanda mimi, ami. Siku ile ya makuti. Hivi vyote ni vyangu." Akasimama, akageukia kwenye vumbi upande wa magharibi, mahali ambapo Zarga alikuwa tayari ameelekeza shingo. "Uzio uko pale. Ukirusha jiwe unaupiga. Vichaka vyangu ndivyo vilivyonipoteza."

Walitembea hatua chache, na tuta likatoka ndani ya weupe, refu, na makuti yake juu yakitikisika. Nyuma yake zilisikika zumari. Kila mwezi Tibra alikuwa amekuja hapo na rula, akapima urefu wa kila mche, akaandika, akaondoka. Chini hakuwahi kutazama.

Kuskusi ilikuwa imepoa hata mafuta yameganda juu yake. Hemani watu walikuwa wamekwisha kula, na mpiga picha alikuwa amekaa mlangoni kwa makusudi.

"Haya, umefika kwa vichaka?" akauliza mtu.

"Nimekipita kijiji, nimefika kwenye chumvi, nimerudi," alisema Tibra. "Nimepotea."

Hema likalipuka kwa kicheko. Mama yake Hasna alikuwa ameshamnyang'anya mumewe kamba ya ngamia. Lakini mzee mmoja wa upande wa bwana harusi, aliyeijua vizuri ile kamari, akainua mkono. "Na ami yako? Alisema neno?"

Tibra alimtazama Ami Belgasem. "Aliuliza swali," akajibu.

Basi harusi ikagawanyika mara mbili. Wapo waliosema swali ni neno, wapo waliosema swali ni pumzi tu yenye haja, na wapiga zumari, ambao hawakuulizwa, walisema wote wawili wameshindwa. Ami Belgasem akaapa kwamba hatamchukua malishoni mtu anayeweza kupoteza kijiji chenye mnara wa msikiti. Walipogeuka kumtafuta Tibra atetee upande wake, hayupo.

Alikuwa chumbani kwa bibi harusi. Khalti Zaara alikuwa amemaliza upande mmoja wa nywele za Hasna na anaingia wa pili, wakati mkono wenye vumbi ulipopita mbele ya uso wake na kuchukua draya.

"Tibra."

"Dakika mbili, khalti."

"Tibra, nusu ya kichwa changu ina maji," alisema Hasna, lakini waya ulikuwa umeshachomolewa.

Uani akachukua sinia la mkate, akalijaza mchanga. Akachomeka njiti za kiberiti mstari mmoja, karibukaribu, mstari ulioelekea mshazari kama uzio wa kijiji ulivyo. Mbele yake akapanda vijiti vidogo vya retem. Akapiga magoti, akawasha draya upande wa mashariki. Watu wa kwanza walikuja kumcheka. Waliofuata walikuja kuona wa kwanza wanatazama nini.

Mbali na njiti, mikia ilikaa magharibi. Karibu na njiti upepo uligonga, ukakosa pa kupita, ukageuka kufuata mstari. Na mikia ikageuka nayo, vile vile, kidogo, kama alivyoiona. Tibra alitoa sauti ambayo haikuwa neno. Akasogeza draya karibu zaidi, akasubiri. Mchanga ukakimbia pembeni mwa uzio wa viberiti mpaka ukafika njiti ya mwisho, na pale, uliposhindwa kuendelea, ukaanguka wote mahali pamoja. Rundo likakua.

Ami Belgasem alikuwa amesimama nyuma ya kila mtu. Sasa alikuwa amechuchumaa mbele yao.

"Pale mwisho," akasema kwa sauti ndogo, "ni shamba la nani?"

"Lako, ami."

Ami Belgasem alikuwa hajamsalimia jirani yake Lazhar tangu mwaka uliopita, kwa sababu kila wiki alikuwa anaondoa mchanga kwenye mitende yake na alikuwa na uhakika kwamba Lazhar anamng'olea makuti. Lazhar mwenyewe alikuwa pale pale, ameshika glasi ya chai, akatazama sinia, akamtazama Ami Belgasem, akanywa chai yake kwa utaratibu.

"Na ukiinamisha makuti?" aliuliza Ami. "Ukiyaacha nafasi?"

"Ngoja nione," alisema Tibra, akaanza kung'oa njiti moja moja, na draya ikatoa cheche, ikatoa harufu ya manyoya yaliyoungua, kisha moshi. Ndio moshi pekee aliouona siku ile.

Khalti Zaara alitoka, akaichukua mkononi, akaitikisa. Mchanga ukamwagika kutoka ndani yake kama kutoka kwenye kiatu. "Imekufa," akasema.

Hasna alipandishwa kwenye jahfa na nusu ya kichwa ikitiririka maji. Mapazia yakashushwa upesi. Zarga akasimama, zumari zikalia, na msafara ukazunguka kijiji, na kwa mara ya kwanza siku ile kila mtu alikuwa anajua anakokwenda.

Nyuma walibaki watatu.

"Nani atalipa?" alisema Khalti Zaara.

"Mimi," alisema Tibra, "nikipata kazi."

"Kazi ipo. Wachungaji hulipwa." Khalti Zaara hakumtazama mpwa wake, alimtazama Belgasem. "Utamchukua, na ujira wake utaniletea mimi."

"Zaara, huyu amepoteza kijiji."

"Na wewe ulikuwa nyuma yake."

Ami Belgasem akakuna shingo. Alitazama sinia, zile njiti zilizobaki, lile rundo mwishoni. "Hebu niambie kwanza. Makuti yainamishwe upande gani?"

"Sijui bado. Nitajaribu kwa upepo wenyewe," alisema Tibra. "Nitakwambia tukiwa malishoni."

Ami Belgasem akahesabu kitu kichwani, pengine ngamia, pengine mitende. "Tunaondoka Jumapili," akasema. "Usichelewe. Na uje na chaja."

Khalti Zaara alikuwa bado anaigeuza ile draya mkononi.

Draya mpya, soko la Alhamisi, Duz: dinari themanini na tano.